Jiwe la Kifua

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa sakafu za terazo. Kwa asiyeijua kazi hiyo, unamwaga saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe ya rangi, ikishakauka unaisaga kwa mashine mpaka mawe yatokeze na sakafu ing'ae. Ameifanya miaka thelathini na moja. Sakafu pana husagwa kwa maji, lakini ngazi na pembe alizoea kuzisaga kavu kavu kwa mashine ya mkono, na vumbi lote likaishia puani mwake.

Kutulia hakujui tangu utoto. Ila tangu kikohozi kimwingie mwaka juzi, amezidi. Akikaa, anainuka. Akila, tonge la tatu anakumbuka kwenda kugeuza mawe yake yapate jua.

Maana ana mawe huyo! Chumba cha wageni hakiingii mgeni. Trei za mayai zimepangana mpaka dirishani, kila shimo lina jiwe, na chini ya jiwe kuna kikaratasi. Maana za mawe alizipata kwa mama mmoja muuza shanga, ambaye ameziandika kwenye daftari. La zambarau hutuliza moyo. Jeusi hurudisha husuda ilikotoka. La waridi huleta mapenzi, nalo alilisokomeza chini ya mto wa wifi yangu, mkewe, ambaye aliamka shingo imekakamaa.

"Wewe mwanamume, ukitaka mapenzi niletee mkaa," wifi alimwambia. "Nilidhani nimeolewa na mtu, kumbe nimeolewa na machimbo."

La kijani ni la kifua. Hilo alilifunga kwa uzi wa kushonea viatu, akalivaa shingoni, na akisha kulivaa akaona hospitali haina haja.

Mimi ni mtu wa sala, na jambo lile lilininyima raha. Siku moja nikamwambia, "Kaka, jiwe haliponyi. Mwombe Mungu, halafu nenda ukapigwe picha ya kifua kama daktari alivyosema."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, ninyi mkisali si mnamwita Mungu Mwamba? Basi niacheni na wajukuu zake."

Nikamuuliza tu, "Lakini kwa nini? Unashinda unayasaga, jioni unarudi nayo nyumbani!"

Hapo hakucheka. Alichukua jiwe dogo, la kijivu tu kama lolote la njiani, akalipaka mate kwa kidole. Rangi ikaamka, nyekundu iliyoiva, yenye mistari myeupe.

"Kila jiwe lililopita mikononi mwangu nimelipunguza," akasema. "Nataka niwe na machache ambayo sikuyapunguza."

Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Likakauka tukiliangalia, naye akalipaka mate tena.

Mwezi uliofuata wifi akanipigia simu. "Jana amepumzika mara tatu kutoka bafuni hadi mlangoni. Njoo umpeleke wewe. Mimi kelele zangu amezizoea kama redio."

Nikaenda, nikampeleka. Kwenye benchi la hospitali hakukaa hata dakika mbili. Alisoma kila tangazo ukutani, akarudia. Tulipoitwa, mpiga picha wa eksirei akamwambia, "Mzee, vua shati na hicho cha shingoni."

"Hiki sivui."

"Kitaziba picha."

"Basi picha tuiache." Akaanza kufunga vifungo. "Nikilivua nikakata pumzi humo ndani, nani atajibu?"

Nikajua akitoka mlango ule harudi tena. Nikanyoosha mkono, mimi niliyeapa kwamba vitu vile sitavigusa. "Nipe, nitalishika. Sitaliweka chini."

"Mkono wa kulia."

"Wa kulia, kaka."

Akaingia. Jiwe lilikuwa na joto la mwili wake. Nikaanza kusali, nikaogopa kusali nalo mkononi, nikalihamishia kushoto, nikakumbuka nimeahidi kulia, nikalirudisha. Mungu ananijua.

Daktari aliipachika picha kwenye ubao wenye taa. Mapafu ya kaka yalijaa punje nyeupe, ndogo ndogo, kama mchele uliomwagika. Kaka, jiwe lake limesharudi shingoni, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Haya ni ya aina gani?"

"Ni vumbi la mawe unayosaga, mzee."

"Yanatoka?"

"Hayatoki. Ukiendelea kusaga yataongezeka, na mwakani kufunga viatu tu kutakushinda."

"Na hili?" Akainua la kijani.

"Hilo liko nje, halina neno. Vaa. Mashine ndiyo uache."

Njiani alinitangulia, ananisubiri, ananitangulia tena. "Nimebakiza vidato tisa kwenye ngazi ya lile jengo la ofisi. Tisa tu. Nimalize, niache."

"Hata kimoja."

"Wataniharibia!"

Jumatatu asubuhi wifi akapiga simu: ametoka na mashine. Nilifika kwenye jengo nimevaa kandambili za ndani. Alikuwa mlangoni, mashine ndani ya gunia, msimamizi amemzuia kwa mkono. Fundi mwingine alishaingia na mashine ya bomba la maji.

"Mzee, usinitafutie kesi," msimamizi alisema. "Mkeo kashanipigia."

"Yule hajui mawe yale!"

"Basi kaa hapa nje na masikio yako," nikamwambia. "Miguu nitakuwa mimi."

Akanitazama. Mashine ikaanza kuunguruma huko ndani. Akaliachia gunia, akaanza kutembea kandokando ya ukuta, kwenda na kurudi.

"Anakandamiza upande mmoja. Mwambie ainue mkono."

Nikaingia, nikamwambia. Fundi akashangaa. "Mama, nani kakwambia?"

"Mwenye ngazi."

Nikatoka. "Maji yamepungua, nasikia." Nikaingia tena. Kufikia kidato cha sita sketi yangu ilikuwa imelowa tope jeupe, na kaka alikuwa hajakaa bado.

Cha saba kikaanza. Nikasimama tayari. "Nimwambie nini?"

Akasimama, shingo kaipinda, anasikiliza.

"Usimwambie kitu," akasema. "Anakwenda vizuri." Akaendelea kutembea.