Pale Juu, Ndimu Inapopumzika

Mwalimu wa fizikia alikuwa ameishi nyumba moja na mama mkwe wake karibu mwaka mzima, na maongezi yao hayakuwa yamevuka salamu na habari za chumvi. Mama huyo alihamia kwao macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Alishinda kwenye kiti cha jikoni, uso ameuelekeza dirishani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Jioni moja mwalimu alirudi kazini hoi. Kutwa nzima alikuwa amechora ubaoni mwendo wa kitu kilichorushwa, upinde juu ya upinde, na wanafunzi wake wa sekondari wakamtazama kama watu wanaosikiliza mvua. Alipofika mlango wa jikoni akasimama. Ndimu tatu zilikuwa hewani. Mama mkwe alikuwa akizirusha na kuzidaka taratibu, zikipishana kwenye mwanga wa dirisha kama hazina uzito, naye akitabasamu peke yake.

"Mama, umejifunza wapi haya?"

Ndimu zikatua kiganjani moja moja. "Kwenye sarakasi, mwanangu. Kabla sijaolewa. Tulikuwa tunazunguka miji, tunalala kwenye hema. Marehemu mkweo hakupenda itajwe, nikanyamaza mpaka nikazoea."

"Na macho haya, unazionaje?"

"Mikono siiangalii. Naangalia pale juu, ndimu inapopumzika. Nikiona kivuli chake hapo, najua itaangukia wapi."

Mwalimu akavuta kiti. Akamweleza kwamba hapo juu ndimu imemaliza kupanda, lakini mwendo wake wa kwenda mbele uko vilevile. Akamweleza pia kwamba ukitaka ikae hewani muda mara mbili ya mwanzo, lazima ipande kimo mara nne ya kile cha mwanzo.

Mama mkwe akawaza. "Kumbe. Ndiyo maana chupa tulizokuwa tukirusha zilikuwa zinatoboa hema."

Wakacheka mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Wiki iliyofuata waliingia darasani wameshikana mikono. Madawati yalisukumwa ukutani, kila mwanafunzi akapewa soksi iliyojazwa mchanga. Chumba kikajaa soksi zinazoelea, zinasita, zinashuka, na kelele zikapungua zenyewe.

"Bibi, yangu inanikimbia," msichana mmoja alilalamika.

"Haikukimbii, mjukuu wangu. Wewe ndiye unayeisukuma mbele. Ipeleke juu."

Mwalimu akachora mishale miwili ubaoni, mmoja wa juu, mmoja wa mbele. Safari hii hakuna aliyepiga miayo.

Mume wa mwalimu alikuja kuwachukua, akaganda dirishani na funguo za gari mkononi. Alipoingia, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza, baba."

Mwanawe akanyoosha mikono. "Haya, nirushie moja."

Soksi ikampita, ikampiga kifuani. Akaiokota, akasogea karibu, akaomba tena.

Siku ya mtihani wa fizikia, msimamizi aligundua kwamba wanafunzi wameacha kuandika. Walikuwa wameinua nyuso, macho yao yakipanda polepole, yakisimama, yakishuka. Naye akatazama darini, hakuona kitu. Aliporudisha macho chini, kalamu zilikuwa zinakimbia juu ya karatasi.