Watoto Watatu wa Mama Riziki

Karatasi inapotoka kwenye printa huwa na harufu yake, kama vumbi lililochomwa kidogo. Wenzangu ofisini hawaisikii. Mimi nikiisikia huacha kazi na kutoka nje, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuwaza kila jambo mara tatu, nimeshajiuliza kama ni ugonjwa. Si ugonjwa. Ni hasira, na ina umri wa miaka kumi na miwili.

Harufu hiyo ilijaa sebuleni kwetu Lidcombe, huku ugenini, wiki aliyofariki koko, bibi yangu mzaa mama. Printa ya kuazima ilikaa juu ya meza ya chakula ikitema wasifu wa marehemu, nakala baada ya nakala, na mjomba Bahati akizikunja taratibu kama anayekunja vitambaa vya harusi. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya koko, na chini yake maandishi: Mama Bahati, mama wa watoto watatu.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana huwekwa kando. Huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza mpaka kaburini. Koko alikuwa Mama Riziki. Riziki ndiye kifungua mimba, kisha Bahati, kisha Neema, kisha mama yangu. Wanne. Kila jioni kabla ya kula koko aliwaombea mmoja mmoja akikunja vidole, na kwenye kidole cha kwanza alikaa muda mrefu mpaka bugali ukapoa.

Riziki hakupotea vitani. Alipotea kwenye kambi ya wakimbizi, ndani ya karatasi. Siku maofisa walipokuja kuhesabu familia za kupelekwa ng'ambo, yeye alikuwa amerudi Kongo kumtafuta mumewe. Watu walikuwa wakisema familia yenye mtu asiyekuwepo, faili lake hulala. Basi mjomba akamwambia karani kwamba mama yake ana watoto watatu. Riziki aliporudi baada ya wiki tatu akakuta hajawahi kuzaliwa. Kusahihisha kukaogopwa kuliko uongo wenyewe. Sisi tulisafiri, yeye akabaki, na mjomba akaamuru koko aitwe Mama Bahati. Ni vikongwe wa kanisani tu waliosahau amri hiyo. Wakiita Mama Riziki pale mlangoni, koko aligeuka upesi kama msichana aliyeitwa na mchumba.

Wasifu wenyewe ulinichukiza tangu mstari wa kwanza. Ulidai koko hakuwahi kupandisha sauti. Koko? Yule aliyemgombeza jirani wa chini kwa Kiswahili kila moshi wa sigara ulipopanda kwenye nguo zake, mpaka yule mzee wa Kivietnamu akajua kusema "samahani, mama"?

Wiki mbili kabla ya hapo, hospitalini Westmead, alikuwa amenishika mkono. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mjukuu pekee aliyeweza kusoma Kiswahili. Binamu zangu walikisikia, wakajibu kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwa kitabu cha nyimbo za kanisani, akinifinya sikio kwa kila herufi niliyoruka. Kwa hiyo alijua ni mimi nitakayepewa kazi ya kusoma wasifu wake.

"Siku ya kunisoma," akasema, "uniite Mama Riziki. Mbele ya watu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Nilimpelekea mjomba maneno hayo pale pale kwenye printa, nikidhani neno la marehemu lina nguvu kuliko mashine. Hakuacha kukunja.

"Huku kila kitu kinaandikwa, mtoto. Yule mzungu alitusaidia karatasi atakuwa anakaa nyuma. Unataka turudishwe sisi wote? Soma ile iko kwa karatasi."

Mama yangu alikuwa akiosha vyombo. Maji yaliendelea kutiririka.

Siku tatu nilituona akilini tukipandishwa ndege na magodoro yetu. Nilihangaika hata nani atarudisha vitabu vyangu vya maktaba. Hata hivyo niliposimama kanisani nilikuwa nimeamua: nitavuta pumzi, nitalitaja. Nikavuta pumzi, nikamwona mjomba, na mdomo wangu ukasema Mama Bahati, ameacha watoto watatu. Kikongwe mmoja benchi la mbele akaguna na kuinamisha kichwa. Yule mzungu wa nyuma alitabasamu kwa heshima. Hakujua Kiswahili hata neno moja.

Chuoni nilikuja kumuuliza mwanasheria. Alisema familia nyingi zilifanya hivyo hivyo, zikaandika barua ya kueleza, zikasikilizwa. Mjomba hakuwahi kumuuliza mtu yeyote. Siku hizi nadhani hofu ilikwisha zamani, ila alishazoea kuwa kifungua mimba.

Mwezi uliopita mama alinipa simu yake bila kunitazama, akasema nimsalimie mama mkubwa, kisha akatoka nje. Ilikuwa sauti ya koko kabisa.

"Nilikusikia ile siku," Riziki akasema. "Wamama wa kanisa walifungua simu, wakaiweka kwa benchi. Ulisoma vizuri, mwanangu. Nikajua basi, mama mwenyewe ameniondoa."

Utotoni niliamini kwamba tunamficha mzungu. Sikuwaza, mimi ninayewaza kila kitu, kwamba wasifu husikilizwa kama kauli ya mwisho ya marehemu, na kwamba huko mbali kulikuwa na mtu aliyesubiri kusikia kama mama yake alimkumbuka.

Nikamweleza yote: kidole cha kwanza, bugali uliopoa, mkono wa Westmead.

"Miaka kumi na mbili," akasema. "Na wewe haukupiga?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli. Nilikuwa mtoto kwa miaka saba katika ile kumi na miwili. Mitano iliyobaki siwezi kumtwika mjomba.