Mkwe wangu wa Nguvumali

Duka lenyewe lilikuwa dirisha tu la nyumba ya udongo, mtaani Nguvumali: chumvi, dagaa, nazi, mafuta ya taa, na debe la ulezi ulioshuka kutoka milimani. Ulezi ndio ulionifikisha pale. Mimi ni mtu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na Tanga nilikuwa mgeni. Wenyeji walikula wali wa nazi, mimi nikatafuta cha kwetu. Muuzaji alikuwa mama wa Kidigo, mjane, mwingi wa maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mnyasa. Ulezi tena? Utaota manyoya kama ndege."

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nakata mkonge. Nilikuja na mke kwa sababu wakala aliyetuandikisha kazi aliapa kwamba shambani kuna wakunga. Alisema uongo, na alijua kuwa ni uongo. Mtoto wetu wa kwanza alifia kambini kabla kitovu hakijadondoka.

Alipojifungua wa pili, mke wangu akakataa kula. Kwetu mzazi hunywa uji wa ulezi uliopikwa na mama yake, au na mwanamke anayesimama mahali pa mama. Uji wa mkono wa mume ni mkosi kwa mtoto. Wanawake wa kambini wangempikia, ila nyapara mkuu aliwaswaga wote shambani tangu alfajiri, akasema kuzaa si ugonjwa. Jina lake silitaji, waliokuwa kambi ile wanamjua. Maziwa hayakutoka. Mtoto akawa analia kwa sauti ndogo, ile ile niliyoisikia kwa mwenzake.

Nikaenda dukani, nikapimiwa ulezi, nikabaki nimesimama.

"Mbona huondoki? Umesahau njia?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akipanga nazi, kisha akafunga dirisha.

"Tangulia. Ila usiende mbio, magoti yangu haya si ya kukata mkonge."

Akapika kwenye mafiga yetu. Kwao uji wa mzazi hutiwa pilipili manga. Alimwuliza mke wangu kwanza, akaambiwa hapana, akaacha. Bakuli likarudi tupu. Akaja tena kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka mtoto akanyonya akashiba akalala.

Tangu hapo sikuweza kukanyaga dukani. Aliyempikia mke wangu uji ule ni mama yake, basi kwangu ni mkwe, na kwetu mkwe humtazami usoni wala husemi naye. Nikimwona njiani nageukia ukuta. Nilidhani anaelewa, kwetu hata mtoto anaelewa.

Siku moja akaja kambini. Nikajificha nyuma ya kibanda, nikamsikia.

"Mumeo ana nini? Nimemhangaikia mwanawe, leo ananikimbia kama nina ndui."

Mke wangu akamweleza mila yetu. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Basi mwambie mkwe wangu aje achukue ulezi. Nitageuka mimi."

Nikaenda. Nikamkuta amekaa kanipa mgongo, ulezi umewekwa dirishani tayari.

"Mjukuu wangu hajambo?" akauuliza ukuta.

Paka wake alikuwa amelala juu ya gunia. Nikamwambia paka kwamba mtoto hajambo, na kumbeba sasa kazi, amekuwa mzito.