Mistari Mitatu ya Kijani

Leo nimeingiza ugomvi kwenye nyumba ya watu kwa mchoro wa kompyuta.

Sisi watafiti tulikuwa kijijini Mwakitolyo kuwapa wafugaji majibu ya vipimo vya vinasaba vya ng'ombe wao. Wenzao wa Geita walikuja pia.

Programu inachora kila ng'ombe kama mstari mmoja. Nyekundu ni asili ya kienyeji, kijani ni damu ya dume la kigeni.

Dume hilo aliwahi kulileta mtu mmoja tu, Mzee Ng'wandu wa hapo Mwakitolyo.

Sasa nafungua kwenye projekta ng'ombe wa Baba Neema wa Geita: mistari mitatu, kijani tele!

Nikajua nimeharibu. Nikasema mbele ya wote, "Samahani wazee, nadhani nimechanganya sampuli."

"Umechanganya," Mzee Ng'wandu akadakia. Haraka mno.

Watu wakamgeukia Baba Neema, naye akaona anageuzwa mwizi wa ng'ombe wa mzee. Akasimama. "Hajachanganya kitu. Mzee, si ng'ombe wako hao, ulionipa nikutunzie?"

Jamani, huku kumwachia rafiki wa mbali ng'ombe ni kawaida, ili ugonjwa ukiingia zizini usimalize wote.

Kawaida, kama mke anajua.

Mama Kulwa, mke wa mzee, hakupiga kelele. Alisogeza kiti chake hadi mbele kabisa.

"Mwanangu, hiyo programu yako inaonyesha na ndama waliowazaa huko Geita?"

Nyie mngejibuje?

Mimi nilisema projekta imeisha chaji. Waya wake, uliochomekwa kwenye umeme, ulikuwa umepita miguuni kwa Mama Kulwa.