Mawe ya Zamu

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, upande wa Sepuka, kwa ajili ya msiba. Nyumba ya jirani nikakuta mlango umezuiliwa na jiwe la rangi ya ini, lenye mshipa mweupe katikati. Nikachuchumaa nikalishika. Kijana mwenye nyumba akadhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniletea maji. Nikayanywa kwa adabu. Ningemwambia nini? Kwamba mlango wake umezuiliwa na ng'ombe wa bibi yangu?

Usinicheke, ndugu yangu. Jiwe lile ndilo lilikuwa zamu yetu ya kunywesha.

Enzi za Mwingereza kisima chetu kilikuwa shimo refu kwenye mchanga wa korongo. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wa kaya zote walinyweshwa pale, kundi baada ya kundi, na bila mpangilio watu wangepasuana vichwa. Mpangilio huo ulikuwa mikononi mwa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu mzima mwenye ndevu aliyeishi na bibi. Mjomba alizaliwa na akili ya polepole. Hakujua kuhesabu kupita vidole vya mkono mmoja. Lakini kila kaya ilikuwa na jiwe lake, na yeye aliyajua yote. Kundi likifika, analiweka jiwe lake mwisho wa mstari, likishakunywa, analiondoa. Siku moja jumbe mwenyewe, mkubwa wa kijiji, alitaka kupita mbele. Mjomba akaweka kidole kwenye jiwe la jumbe, la nne. "Wewe hapa," akasema. Jumbe akangoja juani kama sisi wengine, na watu walicheka hadi ng'ombe wakashtuka.

Jioni kila kaya ilimwachia maziwa kidogo kwenye kibuyu chake. Alikibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani, akakiweka mbele ya bibi, kisha akasimama kusubiri asifiwe. Bibi hakusahau hata siku moja. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukashushia maziwa yale yenye harufu ya moshi, na mjomba akitutazama tunavyokunywa.

Halafu ikaja habari kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja kukagua kisima. Nyuma yake ikaja nyingine: kwamba serikali inawakusanya watu wa aina ya mjomba na kuwafungia kwenye nyumba ya wendawazimu, wala hawarudi. Nani aliyesema? Sijui mpaka leo. Bibi hakuogopa fisi, lakini habari hiyo aliiogopa. Wazee wakakubaliana kwamba siku hiyo mjomba asionekane wala asitajwe.

Kazi ya kumficha nikapewa mimi, kwa kuwa mjomba alinisikiliza mimi kuliko mtu mwingine yeyote. "Mwambie chochote, mjukuu wangu," bibi alisema, "ila asitoke."

Nikakaa naye chumba cha ndani cha tembe yetu, nyuma ya kihenge cha uwele, nikamwambia leo ng'ombe hawaji. Jua lilipopanda, kengele zikaanza kusikika bondeni.

"Wamekuja," akasema, akainuka.

"Hawajaja, mjomba. Ule ni upepo."

Akanitazama. Alijua kengele ya kila kundi kijijini. Kisha akakaa chini. Aliniamini mimi kuliko masikio yake.

Yaliyotokea kisimani nilisimuliwa baadaye. Bwana Shauri aliuliza, kupitia karani wake, ni nani anayepanga mawe yale.

"Tunapanga wenyewe, Bwana," wazee wakajibu.

Karani akaeleza kwamba kitajengwa kisima cha saruji chenye pampu, na Bwana amesikia kuna mtu hapa asiyependelea yeyote. Alitaka kumwajiri asimamie zamu, kwa mshahara na sare ya kaki. Wazee wakatazamana. Kusema ukweli sasa kungekuwa kukiri kwamba wameidanganya serikali. Wakashikilia jibu lao la kwanza.

Kazi ikaenda kwa mgeni, mtu mwenye akili zake timamu, ambaye ukimpelekea kuku ng'ombe wako wanatangulia. Mjomba alikwenda na mawe yake. Mgeni akayatupa korongoni. Mjomba akayaokota, yakatupwa tena. Siku ya tatu alichapwa fimbo mbele ya watu aliowapangia zamu miaka yote, na hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwepo, na maji yangu kichwani.

Hakwenda tena. Kibuyu chake kikakauka ukutani, kikapasuka. Kila asubuhi alikaa mlangoni, na kengele zikilia aliniuliza, "Leo wanakuja?"

Nilishindwa kumwambia kwamba hawamtaki. "Hawaji, mjomba."

"Ni upepo," anamalizia mwenyewe.

Alikufa masika yaliyofuata, bila ugonjwa ambao mtu angeweza kuutaja jina. Bibi hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Leo pampu ni chuma chenye kutu, shimo la zamani limefukiwa na mchanga, na wazee wale wote wamezikwa. Kijana yule, aliyeliokota korongoni, alinipa jiwe bila kuuliza. Nikalibeba mpaka kwenye kaburi la mjomba, nikaliweka upande wa kichwa, la kwanza kwenye mstari.

"Siku ile walikuja, mjomba," nikamwambia. "Walikuja wote. Na Bwana Shauri alikuulizia wewe."