Baruti na Hodi ya Kaka

Nianze na kosa lenyewe, maana nimechoka kulizunguka. Sikumwaga baruti. Nilikatizwa kazini, nikarudi mezani, na badala ya kumwaga kila kitu nianze upya kama nilivyofundishwa, nikaendelea. Mengine yote ninayosimulia hapa yametoka hapo.

Miaka hiyo tulikaa New Hope, mji mdogo wa Minnesota, Marekani, nyumba ndogo yenye chumba cha chini ya ardhi, besimenti kama tunavyoita huku. Mke wangu aliweka mashine ya kufulia upande mmoja, mimi nikaweka meza yangu upande wa pili. Pale ndipo nilipojaza risasi. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anashtuka, anadhani nilikuwa jambazi. Hapana jamani. Mzee mmoja Mmarekani niliyefanya naye kazi maabara alikuwa mwindaji wa kulungu, akanipeleka porini kaskazini msimu mmoja, nikapenda. Wawindaji wengi wa huku hawatupi maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Wanayasafisha, wanaweka fataki mpya kwenye kitako cha ganda, wanapima baruti, wanamimina, wanashindilia kichwa cha risasi juu. Mzee akanifundisha.

Alikuwa mkali yule mzee. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti, usije ukachanganya. Simu iache juu. Mtoto asishuke. Ukishamimina, chukua tochi, mulika ndani ya kila ganda kabla hujaweka kichwa. Na ukikatizwa, hata na mkeo, hata na chafya, mwaga zote urudishe koponi, uanze moja. Hilo la mwisho alilirudia mpaka nikamkasirikia. Mimi kazi yangu ni kupima! Wiki nzima nashinda na mizani ya maabara inayopima hadi vumbi, halafu unifundishe kumimina baruti kama mtoto wa darasa la kwanza? Nilimwambia hivyo, nikicheka. Yeye hakucheka.

Sasa kaka yangu. Ni kaka wa tumbo moja, kanizidi miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyetangulia kuja kusoma Minnesota, ndiye aliyenijazia fomu za chuo, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege na koti lake mwenyewe kwa sababu mimi nilishuka na shati. Alikaa Saint Paul, mtaa wa Frogtown, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Kaka ana shoto. Shuleni walimchapa sana ili aandike kwa kulia, hakubadilika. Na mkono huo huo wa kushoto ulichonga meno madogo kama punje ya mchele, ukayapaka rangi mpaka huwezi kujua lipi la Mungu na lipi la kaka. Wenyewe pale kazini walimpa kazi za vinywa vigumu, zile zilizowashinda wengine.

Jumamosi moja ya Novemba, wiki moja kabla ya msimu wa kulungu, niko chini nafanya kazi yangu. Nina kibao chenye matundu hamsini, mistari mitano ya kumi kumi, na ganda katika kila tundu. Nimeshamimina mistari miwili na maganda manne ya mstari wa tatu. Nikasikia mlangoni:

"Hodi! Hodi humu ndani! Mmelala saa hizi?"

Nawauliza ninyi mliolelewa kama mimi: kaka yako mkubwa amesimama barazani kwenye baridi, anapiga hodi, utamjibu nini? Utamwambia subiri namalizia? Mke wangu alikuwa kazini, mtoto anaangalia katuni. Nilishasimama kabla sijafikiri. Nikapanda ngazi naitikia, "Karibu, karibu kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanuka chuma?"

Alikuwa ametoka Cedar-Riverside, mtaa wenye Waafrika wengi, kaleta sambusa za moto, na kaleta habari: mama amefanyiwa upasuaji huko kwetu na ameamka salama. Alikuwa amezungumza naye kwa kadi ya simu asubuhi ile. Tukakaa jikoni, nikachemsha chai ya tangawizi, tukasherehekea. Saa nzima ilipita, labda zaidi. Sijawahi kuijutia ile chai. Hilo nalisema wazi.

Halafu kaka akasema, "Twende nikaone unachopika huko chini, mchawi wewe."

Tukashuka. Akasimama nyuma ya bega langu. Nikatazama kibao. Najua nilichowaza, nakikumbuka neno kwa neno: nimemaliza mistari miwili, mstari wa tatu naanza. Mzee alishaniambia, mwaga zote. Sauti yake niliisikia kabisa. Lakini kaka yuko hapo anatazama, na mimi niliyejisifu kwake kwamba naijua kazi hii nimwage baruti yote koponi kama mtu asiyejua alipofika? Nikaona haya. Ujinga mtupu. Nikaanza mstari wa tatu tangu mwanzo huku yeye anapiga soga na mimi najibu. Baruti yenyewe ni kidogo, haifiki hata nusu ya ganda. Ukimimina mara mbili haifuriki, inakaa tu humo gizani kimya. Tochi ilikuwa pale pale, sentimita chache kutoka mkononi. Sikuiwasha.

Nikashindilia vichwa. Kaka akasema, "Kweli una mkono mtulivu." Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kesho yake mchana tukaenda kiwanja cha kulenga shabaha, nje kidogo ya mji. Bunduki ni yangu, risasi ni zangu, lakini ningeanzaje mimi na kaka yupo? "Anza wewe, kaka," nikamwambia. Nikamvalisha miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Bunduki ile imetengenezwa kwa mtu wa kulia, kwa hiyo nikamwonyesha: kulia kwenye kifyatulio, kushoto shikilia huku chini. Mimi ndiye niliyeuweka mkono wake pale. Niliushika kwa mikono yangu miwili nikauweka.

Akapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anacheka kama mtoto. Kisha ikatoka sauti nyingine, nzito, siyo ya bunduki. Nikaona moshi unatoka ubavuni mwa bunduki, mahali ambapo moshi hautoki. Kaka hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake wa kushoto kwa mshangao, kama anayeangalia kitu cha mtu mwingine, akasema, "Mdogo wangu, hii imekuwaje?"

Miwani iliokoa macho. Mkono haukuokoka. Madaktari walihangaika nao, wakakata kidole gumba na viwili vilivyofuata.

Hospitali nilikaa kwenye korido na nguo zenye damu. Shemeji, mke wa kaka, alikuja mbio kutoka kanisani na kilemba kichwani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Ilikuwaje, shemeji? Si ulisema unajua?"

Si ulisema unajua. Yangenitosha hayo, ningeinama nikubali. Badala yake hasira ikanipanda, ile hasira yangu niliyozaliwa nayo, inayokuja nikiwa na aibu. Nikafoka: "Sasa mimi ningefanyaje? Nilikuwa kazini, yeye akaja akanikatiza! Asingepiga hodi, haya yasingetokea!"

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Hatukujua kwamba ameshaamka. Tukasikia sauti yake, ya kukwaruza kwa dawa, inasema taratibu:

"Ni kweli. Nilipiga hodi."

Jamani. Nimesikia matusi maishani, nimefiwa na baba, lakini hakuna maneno yaliyowahi kunichoma kama hayo. Niliingia nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikamwomba msamaha. Akasema yameisha. Kaka ni mtu wa kusema yameisha.

Nyumbani nilifungua risasi zilizobaki, moja moja, nikapima baruti ya kila moja. Tatu zilikuwa na kipimo maradufu, cha kutosha kupasua bunduki. Ile ya nne ndiyo iliyopita mkononi mwa kaka. Nilikaa kwenye sakafu ya saruji nikalia mpaka binti yangu akashuka, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeumia. Mashine ya kushindilia risasi na mizani na kopo la baruti nilimpelekea mzee. Alivipokea bila kuniuliza, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Pale kazini walimbakiza kaka, wakampa kupokea simu na kupanga oda. Meno yakachongwa na wengine. Siku moja nilimpitia, nikamkuta ameshika moja kwa mkono wa kulia, analigeuza kwenye mwanga. "Wameliharibu rangi," akasema, akalirudisha kwenye kisanduku.

Aliendelea kuja kwetu. Hapo ndipo ilipo adhabu yangu, kwamba aliendelea kuja. Ila hodi iliisha. Mwanzoni sikugundua. Nilimkuta tu barazani kila nilipotoka, au alipiga simu kwanza, au akasubiri mke wangu arudi aingie naye pamoja.

Kisha ikafika Jumapili moja ya Januari, miaka mitatu baadaye. Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa dirishani, akasema kwa Kiingereza kwamba baba mkubwa yuko nje kwenye gari na gari limejaa theluji. Nikatoka na kandambili. Injini imezimwa. Kioo cha mbele chote ni cheupe. Nikafungua mlango, nikamkuta amejikunyata, mfuko wa sambusa mapajani, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya koti.

"Kaka! Umefika saa ngapi?"

"Si muda mrefu." Midomo yake ilikuwa mikavu kwa baridi. "Niliona taa ya chini inawaka. Nikasema labda una kazi."

"Ni nguo, kaka. Ni mashine ya kufulia tu!" Nilikuwa napiga kelele, sijui kwa nini. "Kosa lilikuwa langu. Nilitakiwa kumwaga baruti nianze upya, nikaona haya mbele yako. Wewe ulipiga hodi tu. Hodi siyo kosa!"

"Yameisha hayo," akasema. "Utaugua na hizo kandambili."

Nikatangulia. Nilipoingia nikafanya jambo la kitoto: nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake nimeshika kitasa, nisubiri apige hodi. Hata mara moja. Nilimsikia akipanda ngazi za baraza. Nilimsikia akikung'uta viatu, kimoja, halafu cha pili. Binti yangu alikuwa ananitazama. Nikasubiri, na upande wa pili yeye naye akasubiri, hata kukohoa hakukohoa, na baridi ile ya kuua mtu.

Nikafungua. Alikuwa amesimama na mfuko wake, kama mgeni ambaye hana hakika na nyumba.

"Karibu, kaka," nikasema.