Mama Uzi na Mguu wa Pili wa Sungura

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomkuta Mama Uzi amekalia kiti changu maabarani, miwani puani, nilimuuliza kwa ukali yeye ni nani. Akajibu bila kuinua kichwa, "Ni fundi. Na wewe usipige meza, mwanangu, unanitikisia kazi." Tangu siku hiyo akaniita Bi Moto.

Alikuwa fundi kweli. Miaka ishirini alishona makoti ya maabara kwa cherehani, hadi profesa alipomwona akitia uzi kwenye sindano huku anapiga soga. Akamweka mbele ya hadubini. Tangu hapo kazi yake ikawa kufunga unyuzi wa msuli, mwembamba kuliko unywele, kwenye ndoano mbili ili mashine iuvute. Mimi ndiye niliyesoma matokeo. Ndani ya msuli mna protini inayonyumbuka kama springi, na nilitaka kujua ina nguvu kiasi gani ikiwa bado mahali pake.

Mama Uzi alikuwa na sheria moja: msuli ufungwe kwenye kijiti ukiwa bado umeshika mfupa, ndipo ukatwe. Ukikatwa kwanza unajikunja, na vipimo vyote vinaharibika. Siku tuliyoletewa sungura wa mwisho nilikuwa na pupa. Misuli ya mguu wa kwanza nikaikata, ndipo nikaifunga. Mama Uzi akaguna. Nikamfokea, "Mama, mwenye utafiti ni mimi! Huo mguu mwingine katupe!"

Misuli hulowekwa kwenye dawa ndani ya friza wiki sita. Nilipoitoa na kuivuta, mistari kwenye skrini ilikuwa hovyo, kila unyuzi na lake. Zilibaki siku kumi niwasilishe tasnifu. Nikishindwa, miaka minne imekwenda na maji. Niliketi sakafuni nikalia kwa kwikwi.

Mama Uzi akanipita, akafungua droo ya chini ya friza, akarudi na chupa. Ndani mlikuwa na vijiti sita, kila kimoja kimefungwa msuli kwa uzi wa bluu. Juu kaandika: Bi Moto, mguu wa pili.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unafoka. Haya, pangusa kamasi tufanye kazi."

Siku tisa yeye akafunga, mimi nikavuta. Mistari ikapanda, ikashuka, ikarudi kupanda pale pale, kila unyuzi sawa na mwenzake.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliinamia picha zangu. "Mafundo safi hivi, nani kafunga?"

Nikamwonyesha mama aliyekaa safu ya nyuma, pochi mapajani. Akainuka nusu. "Mimi tu," akasema.

"Hakuna cha 'tu', mama," nikasema. "Nilikufokea, ukaniokoa. Nisamehe. Ahsante."

Mama Uzi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Haya, Bi Moto," akasema. "Wajibu watu maswali yao."